Kufufua Kabureta Nne za Honda CB750: Mwongozo kwa Fundi wa Pikipiki za Zamani

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda, kwa uwiano unaokaribia gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Katika Honda CB750, pikipiki iliyooneshwa Tokyo mwaka 1968 na kuingia sokoni mwaka uliofuata ikiwa na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa cc 736, kazi hiyo hufanywa na kabureta nne za Keihin zenye koo la milimita 28, kila silinda ikiwa na ya kwake. Fundi aliyezoea pikipiki ya bodaboda, yenye silinda moja na kabureta moja, atakuta humo vitu vilevile anavyovijua, ila atavikuta mara nne, na hesabu hiyo ndiyo inayobadilisha kazi nzima: kabureta iliyo peke yake ikichafuka kidogo, injini hulegea na kasoro huonekana mara moja, ilhali katika nne, moja ikipungukiwa, tatu zilizobaki huibeba, injini ikatetemeka na kunywa petroli kupita kiasi, na mwendeshaji asijue ni ipi yenye kosa.

Mwongozo huu unahusu kabureta za matoleo ya 1969 hadi 1976, kwa kuwa zilizofungwa kwenye matoleo ya K mwaka 1977 na 1978 ni za muundo mwingine na vipimo vyake havifanani na vitakavyotajwa hapa. Msimamo unaouongoza ni kwamba kufufua kabureta ni kazi ya kusafisha na kupima kabla ya kuwa kazi ya kubadilisha vipuri. Mafundi wengi hufungua pakiti ya vipuri vipya, hutupa vya zamani vyote na kufunga vipya bila kuvilinganisha, na kwa kufanya hivyo huondoa jeti za shaba zilizotobolewa kwa usahihi kiwandani na kuweka nyingine ambazo tundu lake halilingani na namba iliyochongwa juu yake. Raba, oringi na gasketi hazina budi kubadilishwa, kwa sababu miaka 50 huigeuza raba kuwa ngumu kama mfupa, lakini shaba ya asili isiyolika ni mali ya kutunzwa, na pale inapolazimu kuibadilisha, kipuri cha kampuni iliyotengeneza kabureta kipewe nafasi ya kwanza hata kama bei yake inauma.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote

Dalili za kabureta mbovu na dalili za moto mbovu hufanana mno, na fundi anayeanza na kabureta kabla ya kuhakikisha moto hujikuta amezivua mara tatu bila sababu. Kwanza tapeti zirekebishwe injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.05 kwa vali za kuingiza na milimita 0.08 kwa vali za kutolea moshi. Kisha pointi, yaani vile vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili kuikatia koili umeme na kuzalisha cheche, ziwe na mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 na taimingi ihakikishwe. Nguvu ya mgandamizo ipimwe katika silinda zote nne, kwa kuwa hakuna kabureta itakayotibu ringi zilizokwisha.

Tangi nalo lichunguzwe mapema. Kutu iliyomo ndani ya tangi ndiyo iliyoziba kabureta mara ya kwanza, na isipoondolewa itaziziba tena ndani ya wiki moja. Koki ya petroli ifunguliwe, kichujio chake kioshwe, na tangi lisuuzwe mpaka petroli inayotoka iwe safi ikimwagwa kwenye chupa ya kioo na kuachwa itulie. Mahali pa kazi pawe na hewa ya kutosha, pasiwe na jiko wala sigara karibu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana na unaweza kufikia moto uliopo chumba cha pili.

Zinatakiwa sahani nne zenye namba 1 hadi 4, zikihesabiwa kuanzia mkono wa kushoto wa mwendeshaji akiwa amekaa, na kila kitu kinachotoka kwenye kabureta kiingie katika sahani yake na kirudi katika kabureta yake. Vipande vilivyofanya kazi pamoja kwa nusu karne vimesagana na kuzoeana, na slaidi ya kabureta ya pili ikiingizwa katika ya tatu inaweza kukwama au kuvujisha hewa pembeni. Picha za simu zipigwe kila hatua, hasa namna waya za mafuta zilivyopita na jinsi springi za mkono wa pamoja zilivyonasa.

Kuvua

Tangi huondolewa, sanduku la hewa hulegezwa na kusogezwa nyuma, klipu za raba za mbele na nyuma hulegezwa, na kabureta zote nne hutoka kwa pamoja zikiwa zimefungwa kwenye bamba moja la chuma. Raba zikiwa ngumu zisibanduliwe kwa bisibisi, kwa kuwa zikichanika zitaingiza hewa. Taulo lililochovywa katika maji ya moto likizungushwa juu yake kwa dakika chache huzilainisha. Katika toleo la mwanzo kabisa, waya moja inayotoka kwenye mkono wa mafuta hugawanyika kuwa nne, ilhali matoleo yaliyofuata hutumia waya mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kurudisha, zinazozungusha mkono mmoja unaoinua slaidi zote kwa pamoja. Bamba lenyewe lisifunguliwe ila kama kuna kabureta iliyopasuka au inayovuja kwenye maungio.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni bisibisi. Skrubu za pikipiki za Japani za wakati huo zina kichwa cha nyota kinachofanana na nyota ya kawaida, lakini pembe zake zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani, kwa hiyo bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, huteleza, na baada ya mizunguko miwili kichwa kimeshaharibika. Bisibisi ya kipimo cha Kijapani ipatikane, au ile ya kawaida isagwe ncha kidogo ili izame. Skrubu iliyogoma ipakwe mafuta ya kupenya, iachwe usiku kucha, na bisibisi igongwe nyundo taratibu kabla ya kuzungushwa.

Kilichomo ndani na kazi yake

Anayesafisha bila kujua kila njia inakwenda wapi husafisha nje tu. Chini ya kabureta kuna bakuli linaloshikiliwa na klipu ya waya, na ndani yake mna boya linaloelea juu ya petroli. Boya likipanda huisukuma sindano fupi mpaka ikafunga mlango wa petroli, na likishuka mlango hufunguka, kwa namna ileile ya boya la tangi la maji la nyumbani. Juu ya bakuli kuna koo ambamo hewa hupita, na ndani ya koo kuna slaidi, yaani silinda ndogo inayopanda na kushuka mwendeshaji anapozungusha mkono wa mafuta. Chini ya slaidi inaning'inia sindano ndefu iliyochongoka, inayoingia ndani ya mrija wa shaba wenye matundu madogo ubavuni, na matundu hayo huingiza hewa ndani ya petroli ili ifike kwenye koo ikiwa povu jepesi badala ya matone mazito.

Petroli huipata injini kwa njia zinazopokezana. Slaidi ikiwa imefunguka chini ya sehemu 1 kwa 8, petroli karibu yote hupitia jeti ndogo, na hewa ya njia hiyo hupimwa na skrubu ya hewa iliyoko ubavuni. Kutoka hapo mpaka robo, kinachotawala ni mkato ulioko kwenye ukingo wa chini wa slaidi. Kutoka robo hadi robo tatu hutawala sindano ndefu. Na kuanzia robo tatu mpaka mwisho hutawala jeti kubwa. Mgawanyo huu ufahamike vizuri, kwa sababu ndio unaomwezesha fundi kusikia injini inakohoa katika mwendo fulani na kwenda moja kwa moja kwenye kipande kinachohusika.

Namba iliyochongwa kwenye jeti ya Keihin hukaribia kipenyo cha tundu lake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ndogo ya 40 ina tundu la takriban milimita 0.40, na jeti kubwa, ambayo katika pikipiki hii ilikuwa kati ya 105 na 120 kutegemea toleo, ina tundu linalozidi milimita 1 kidogo tu. Petroli ikikauka huacha utando wa rangi ya asali, na utando ambao macho hayauoni unatosha kupunguza tundu la milimita 0.40 kwa kiasi ambacho injini haitavumilia.

Kusafisha

Hapa ndipo siku nzima inapostahili kutumika. Bakuli liondolewe, pini ya boya isukumwe kwa fimbo nyembamba ya shaba huku nguzo mbili zinazoishika zikiwa zimeegemezwa vizuri, kwani nguzo hizo zimefinyangwa pamoja na mwili wa kabureta na zikivunjika hakuna gundi itakayozirudisha. Sindano ya boya, jeti, mrija wa matundu na skrubu ya hewa vitolewe. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, izungushwe kwanza kuelekea ndani mpaka iguse kwa ulaini, na mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Jeti isiyo na mfereji wa bisibisi imeingizwa kwa kusukumwa, hivyo huvutwa kwa koleo lililozungushiwa kitambaa na wala haizungushwi.

Raba zote zikishaondolewa, vyuma vilowekwe katika dawa ya kusafishia kabureta au katika tina, na mwenye kuweza kupata beseni la mawimbi ya sauti, yaani lile linaloyatikisa maji kwa mtetemo wa kasi mpaka uchafu ukajitenga, atapata matokeo bora kuliko njia nyingine yoyote. Baada ya hapo kila njia ipulizwe kwa hewa ya kompresa, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Tundu lililogoma lisichokonolewe kwa waya wa chuma wala sindano ya kushonea, kwa kuwa shaba ni laini na tundu la milimita 0.40 likikwanguliwa si la 40 tena; utumike uzi mmoja wa shaba uliochomolewa ndani ya waya laini ya umeme, upitishwe mara chache bila nguvu, kisha tundu lipulizwe tena.

Ukaguzi unaoaminika ni wa macho na mwanga. Jeti kubwa iinuliwe kuelekea dirishani na itazamwe kwa jicho moja: tundu safi huonekana kama duara jeupe lenye ukingo mkali, wakati lenye utando huonekana kama mwezi uliofunikwa na wingu, na hata kivuli kidogo upande mmoja ni sababu ya kuirudisha kwenye dawa. Mrija wa matundu uzungushwe mbele ya mwanga huohuo na matundu yake yahesabiwe, yote yakionekana wazi. Mwishoni dawa ya kupuliza iingizwe katika njia ya jeti ndogo ndani ya mwili wa kabureta, nayo inapaswa kuchirizika kwenye tundu dogo sana lililoko sakafuni mwa koo, upande wa injini. Isipotoka hapo, kabureta hiyo haijasafika hata ikiwa nje inang'aa kama kijiko kipya. Na ni vyema kusema wazi kwamba kung'arisha mwili wa nje kwa brashi ya chuma au kwa mchanga ni kosa, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikijificha katika njia ya ndani itakuja kutoka siku ambayo injini inaunguruma.

Boya na kimo cha petroli

Sindano ya boya ichunguzwe ncha yake. Kukiwa na mkunjo uliojichora kama pete pale inapokutana na kiti chake, sindano na kiti vibadilishwe kwa pamoja. Boya litikiswe karibu na sikio, na likisikika lina petroli ndani limetoboka. Bakuli lenyewe lina bomba dogo la shaba lililosimama wima, ambalo kazi yake ni kumwaga nje petroli iliyozidi, na bomba hilo hupasuka kwa ufa mwembamba kama unywele, likaleta uvujaji ambao fundi huusingizia sindano bure. Bakuli lijazwe petroli mpaka karibu na kilele cha bomba, liwekwe juu ya karatasi kavu kwa nusu saa, na karatasi itatoa jibu.

Kimo cha boya kwa kabureta hizi ni milimita 26, kikipimwa kutoka uso ambao gasketi ya bakuli hukaa mpaka sehemu ya boya iliyo mbali zaidi na uso huo. Kosa la kawaida ni kupima kabureta ikiwa imepinduliwa kabisa, kwa sababu uzito wa boya hukandamiza springi ndogo iliyoko kwenye mkia wa sindano na kipimo kikawa cha uongo. Kabureta ilazwe kwa kuinama, boya lishushwe taratibu kwa kidole mpaka ulimi wake uguse tu pini ya springi bila kuibonyeza, na hapo ndipo vernia iwekwe. Kurekebisha ni kukunja ule ulimi kwa kiasi kisichozidi unene wa ukucha na kupima upya. Kabureta nne zikipishana kwa milimita 1, petroli itasimama kwa vimo tofauti na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayoficha tofauti hiyo. Mlango wa petroli usiofunga vizuri una hatari nyingine inayozidi kero ya harufu, kwani petroli hupenya hadi kwenye silinda na kuteremka kwenye mafuta ya injini, ikayafanya mepesi kiasi cha kushindwa kulinda beringi. Mafuta yanayonuka petroli yamwagwe kabla injini haijawashwa.

Kuunganisha

Kila oringi mpya ipakwe mafuta kidogo, jeti zirudi bila kukazwa kupita kiasi, na slaidi iingizwe mkato wake ukielekea upande wa sanduku la hewa. Slaidi iliyogeuzwa huifanya injini iwake na kukataa kabisa kupanda mwendo, na fundi anaweza kupoteza siku mbili akiilaumu jeti. Skrubu ya hewa iguse ndani kwa ulaini, kisha irudishwe nje mzunguko mmoja kamili, ambao ndio mwanzo wa marekebisho.

Kabla ya kuzirudisha kwenye pikipiki, slaidi zisawazishwe mezani. Hatua hii huonekana kama anasa lakini huokoa muda mwingi baadaye. Mkia wa keekee wa milimita 3 huingizwa chini ya slaidi ya kabureta ya kwanza, skrubu ya sailensa, yaani ya mwendo wa injini ikiwa imewaka bila kuvutwa mafuta, huzungushwa mpaka slaidi iuguse mkia huo kwa mkwaruzo mwepesi, na kisha skrubu ya kila kabureta nyingine, ile yenye nati ya kufungia, hurekebishwa mpaka mkia uleule utoke kwa mkwaruzo uleule katika zote nne. Vidole huhisi tofauti ambayo rula haiwezi kuionesha.

Kuwasha na kulinganisha

Kwa kuwa tangi huzuia mikono kufika kwenye skrubu, chupa yenye mrija hutundikwa juu na kutumika badala yake. Petroli ifunguliwe na kuachwa kwa dakika 10 kabla ya kuwasha, fundi akipitisha kitambaa cheupe chini ya kila bakuli. Injini ikiwaka ipashwe moto vizuri, feni ikiipulizia mbele kwa sababu inapozwa kwa hewa na haikuundwa kusimama sehemu moja kwa muda mrefu, na sailensa iwekwe kwenye mizunguko ipatayo 950 kwa dakika. Tone la maji likidondoshwa juu ya kila bomba la ekzosi karibu na injini litaonesha haraka kama silinda zote zinafanya kazi: kwenye mabomba matatu litachemka na kutoweka, na kwenye bomba la silinda iliyolala litabaki likitiririka.

Ulinganishaji wa mwisho hufanywa kwa geji za ombwe, ambazo hupima nguvu ya kila silinda kufyonza hewa. Mirija minne hufungwa kwenye matundu ya njia za hewa yanayozibwa na skrubu ndogo, na skrubu za slaidi hurekebishwa moja moja mpaka tofauti kati ya geji isizidi sentimita 3 za zebaki, mkono wa mafuta ukizungushwa kidogo na kuachwa baada ya kila badiliko ili mitambo itulie. Geji moja ikikataa kusawazika, dawa ya kupuliza irushwe kidogo kwenye raba ya kabureta hiyo, mbali na ekzosi na nyaya za plagi. Mlio wa injini ukibadilika, raba inaingiza hewa na haina budi kubadilishwa.

Ndipo skrubu ya hewa iguswe, kwa robo ya robo ya mzunguko kila mara. Katika kabureta hizi skrubu iko upande wa hewa, hivyo kuizungusha ndani hupunguza hewa na kuzidisha petroli, kinyume cha kabureta nyingine ambazo skrubu yake hupima petroli yenyewe. Mwinuko wa mahali nao una neno lake: hewa ya Nairobi, jiji lililo kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800, ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo kabureta iliyolingana vyema pwani itamimina petroli nyingi mno ikipandishwa bara, na anayeishi huko ana haki ya kujaribu jeti kubwa iliyo namba moja au mbili chini ya ile ya kiwanda. Uamuzi huo ufanywe kwa kusoma plagi: pikipiki ikimbizwe kwa mkono wa mafuta uliofunguka sana kwenye barabara tupu, injini izimwe palepale klachi ikiwa imeshikwa, na plagi zote nne zifunguliwe. Porselini yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi ya masizi makavu ina petroli nyingi, na nyeupe kama chokaa ina petroli kidogo. Nyeupe iogopwe zaidi, kwa kuwa pistoni hutoboka kwa joto la namna hiyo bila kutoa onyo.

Pikipiki itakayokaa bila kuendeshwa kwa zaidi ya wiki tatu au nne ifungwe koki, na bakuli zote nne zimwagwe mpaka tone la mwisho. Hufunguka kwa kuisogeza ile klipu ya waya pembeni, kazi isiyohitaji spana wala kuvua tangi.